Watoa Anwani Wawili Katika Nyumba Moja: Jinsi ya Kuitafuta Seva ya DHCP Isiyotakiwa Katika Mtandao wa Nyaya za Umeme

Katika nyumba nyingi zenye kuta nene za matofali ya saruji, mawimbi ya waifai kutoka sebuleni hayafiki vyema katika vyumba vya nyuma. Baadhi ya watu hutatua shida hiyo kwa kununua jozi ya adapta za nyaya za umeme. Moja huchomekwa katika soketi iliyo karibu na ruta, ya pili katika soketi ya chumba cha mbali, na intaneti husafiri ndani ya nyaya zilezile zinazowasha taa na jokofu. Chombo hiki kina manufaa: hakitaki kutoboa ukuta wala kutandaza waya mpya.

Hata hivyo, yapo malalamiko ambayo hurudiwarudiwa na watumiaji wake. Umeme hukatika, kisha hurudi. Simu iliyoko sebuleni hupata intaneti, lakini kompyuta ya chumba cha nyuma haifungui ukurasa wowote, ijapokuwa alama yake inaonyesha kwamba imeunganishwa. Kompyuta huzimwa na kuwashwa, nayo hupona. Kesho yake simu ndiyo inayougua. Mwenye nyumba huilaumu kampuni inayomwuzia intaneti, au hununua ruta mpya kwa fedha nyingi, na wiki inayofuata ugonjwa hurudi kama ulivyokuwa.

Aghalabu ruta ya zamani haikuwa na kosa lolote. Kosa ni kwamba ndani ya nyumba ile kumeingia mtoa anwani wa pili. Makala haya yanaeleza mtoa anwani ni nani, wa pili huingiaje, na jinsi ya kumtambua kwa ushahidi badala ya kubahatisha.

NAMNA NYAYA ZA UMEME ZINAVYOBEBA HABARI

Umeme wa majumbani katika Afrika ya Mashariki ni wa mkondo geu unaotetema mara 50 kwa sekunde, yaani hezi 50. Adapta huongeza juu ya umeme huo mawimbi hafifu yenye mitetemo mingi zaidi. Katika kanuni ya HomePlug AV, iliyotolewa mwaka 2005, mawimbi hayo hutetema kati ya mara milioni 2 na milioni 28 kwa sekunde. Hata lile la chini kabisa ni mara 40,000 ya mtetemo wa umeme wenyewe. Kwa sababu ya tofauti hiyo kubwa, adapta ya upande wa pili huweza kuyachuja mawimbi ya habari na kuyaacha ya umeme yaendelee na kazi yake.

Mambo mawili hapana budi yakumbukwe. Jambo la kwanza ni kwamba adapta ya kawaida hufanya kazi ya tarishi asiyefungua barua. Kila kinachoingia upande mmoja hutolewa upande wa pili, pamoja na matangazo yanayotumwa kwa vifaa vyote kwa mpigo. Kwa hiyo vyumba viwili vilivyounganishwa kwa adapta ni mtandao mmoja. Kifaa chochote kinachojibu matangazo katika chumba cha nyuma husikika sebuleni pia.

Jambo la pili ni kwamba mawimbi hayo hayaishii mlangoni. Mita ya umeme na swichi kuu huyapunguza nguvu, lakini si lazima ziyazuie kabisa. Katika majengo ya ghorofa, ambamo nyumba kadhaa hupata umeme kutoka ubao mmoja, adapta za jirani zaweza kusikika. Kinachotenganisha nyumba na nyumba ni ufunguo wa siri: adapta za HomePlug AV hufumba habari kwa ufunguo wa biti 128. Taabu ni kwamba vifaa vingi vya kanuni hiyo vilitoka kiwandani na neno moja la siri, ambalo ni jina lenyewe la kanuni, HomePlugAV. Mnunuzi asipolibadilisha, wala asipobonyeza kitufe cha kuoanisha adapta zake, vifaa vyake na vya jirani aliyefanya vivyo hivyo vyaweza kujihesabu kuwa vya ukoo mmoja.

ANWANI HUTOKA WAPI

Kila kifaa katika mtandao huhitaji anwani. Anwani ya toleo la 4, ambayo bado ndiyo inayotumika zaidi majumbani, ni namba ya biti 32 inayoandikwa kwa mafungu manne, kwa mfano 192.168.1.20. Anwani zote za namna hiyo ni 4,294,967,296, idadi isiyotosha vifaa vya dunia. Ndiyo sababu mwezi Februari 1996 ilichapishwa kanuni ya kutenga mafungu maalumu yatumike ndani ya nyumba na ofisi tu, likiwamo lile linaloanza kwa 192.168 na lile linaloanza kwa 10. Nyumba elfu moja zaweza kutumia anwani 192.168.1.20 bila kugongana, kama vile miji elfu moja iwezavyo kuwa na nyumba namba 20.

Zamani mtu alilazimika kuandika anwani katika kila kompyuta kwa mkono wake. Mwaka 1985 ilitokea itifaki ya BOOTP, iliyoiwezesha kompyuta kuuliza anwani yake yenyewe wakati wa kuwashwa. Mwaka 1993 iliifuata DHCP, ambayo jina lake la Kiingereza lina maana ya itifaki ya kuvipangia vifaa hali zao kwa namna inayobadilika. Mwandishi wa waraka wake alikuwa Ralph Droms wa Chuo Kikuu cha Bucknell, Marekani, na waraka uliofuatwa baadaye na watengenezaji ulitolewa mwezi Machi 1997.

Itifaki hii hufanana na shughuli ya kupanga chumba, nayo ina hatua nne:

(a) Kifaa kipya hutangaza kwa wote: "Nani hapa anatoa anwani?"

(b) Seva ya DHCP hujibu: "Iko anwani hii, unaitaka?"

(c) Kifaa hutangaza: "Naikubali ya seva fulani."

(d) Seva huthibitisha: "Ni yako kwa muda wa saa kadhaa."

Pamoja na anwani, seva hutoa maelezo mengine ya lazima. La kwanza ni anwani ya lango, yaani kifaa ambacho barua zote za kwenda nje zitapitia. La pili ni anwani ya seva ya majina, ambayo hugeuza jina la tovuti kuwa namba. La tatu ni muda wa kupanga. Katika nyumba ya kawaida, seva, lango na ruta ni chombo kimoja.

Msomaji atazame hatua (a) kwa makini. Kifaa hakiulizi, "Wewe ni nani, na nani amekupa kazi hii?" Huuliza tu nani anatoa. Endapo seva mbili zitajibu, vifaa vingi huchukua jibu lililotangulia kufika. Hakuna anayeomba hati. Wahenga walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Na katika mtandao wa nyumbani manahodha wawili tu wanatosha kukipeleka mrama.

MTOA ANWANI WA PILI HUINGIAJE

Adapta sahili, ile yenye tundu la waya peke yake, kwa kawaida haina seva ya DHCP. Wanaoshukiwa ni hawa wanne.

Wa kwanza ni adapta ya umeme yenye waifai ndani yake. Adapta ya aina hii ina ukurasa wake wa kupangia hali, na ili mwenye nyumba aweze kuufikia, mtengenezaji aliiwekea seva ndogo ya DHCP. Katika adapta nyingi seva hiyo huachwa katika hali ya kujiendesha: adapta ikisikia seva nyingine katika mtandao hunyamaza, na isiposikia yoyote huanza kutoa anwani yenyewe. Kwa fikra ni mpango mzuri. Kwa vitendo hushindwa pale ruta inapochelewa au mawasiliano yanapokatika kwa muda.

Wa pili ni ruta ya zamani. Mwenye nyumba huichomeka katika adapta ya chumba cha nyuma ili aongeze matundu ya waya au waifai, naye husahau kwamba ndani yake bado mna seva inayofanya kazi.

Wa tatu ni kompyuta iliyowekwa igawe intaneti yake kwa vifaa vingine. Katika Windows za miaka ya karibuni, kazi hiyo hutoa anwani zinazoanza kwa 192.168.137, kwa hiyo msomaji akiziona anwani za namna hiyo ajue pa kuanzia.

Wa nne ni ruta ya jirani, inayofika kupitia nyaya za umeme kwa sababu ya ule ufunguo wa kiwandani uliokwisha kutajwa.

KWA NINI UGONJWA HUJA NA KUONDOKA

Lililowachosha wengi ni kwamba ugonjwa huu haukai. Ziko sababu tatu, na kila moja yaweza kuelezwa.

Kwanza, umeme unaporudi baada ya kukatika, vyombo vyote huanza mbio pamoja, lakini havimalizi pamoja. Adapta ina programu ndogo, nayo yaweza kuamka kabla ya ruta ambayo kwanza hutafuta mawasiliano na kampuni ya intaneti. Katika kipindi hicho kifupi adapta husikiliza, huona kimya, na kujifanya mtoa anwani. Vifaa vilivyoamka wakati huo hupewa anwani na adapta, na huambiwa kwamba lango ni adapta yenyewe. Adapta si lango la kwenda popote. Barua zinazopelekwa kwake hufia hapo.

Pili, nyaya za umeme zina kelele. Baadhi ya chaja za simu, taa, na mashine zenye mota hutoa mawimbi yanayovuruga yale ya adapta. Mashine inapowashwa jikoni, mawasiliano kati ya vyumba yaweza kukatika kwa dakika chache. Adapta ya chumba cha nyuma hujiona imebaki peke yake, na seva yake huanza kazi. Hivyo mtu aweza kuapa kwamba intaneti hufa kila pakipikwa, watu wakamcheka, kumbe amesema kweli.

Tatu ni muda wa kupanga. Tuseme anwani imetolewa kwa saa 24. Kwa kawaida kifaa hungoja nusu ya muda, yaani saa 12, ndipo kiiombe seva yake iongeze muda. Seva isipojibu, kifaa huendelea hadi sehemu saba katika nane za muda, yaani saa 21, ndipo kiwaulize watoa anwani wote. Kwa hiyo hata kama seva isiyotakiwa imenyamaza baada ya dakika moja, kifaa kilichodanganywa katika dakika hiyo chaweza kuendelea kushika anwani mbovu kwa saa nyingi. Ndiyo sababu simu ni nzima na kompyuta ni mgonjwa ndani ya nyumba moja.

Hapa ndipo panapoonekana udhaifu wa dawa inayopendwa na wote, ile ya kuzima na kuwasha. Kuwasha upya si matibabu. Ni kupiga kura upya. Safari hii ruta hutangulia kujibu, safari ijayo hutangulia adapta. Tena kuzima vyombo vyote kwa pamoja huyaleta upya yale mashindano ya kuamka yaliyosababisha ugonjwa, na hufuta ushahidi ambao ungemwonyesha mkosaji.

UCHUNGUZI HATUA KWA HATUA

Kanuni ya kwanza ya mchunguzi ni hii: asizime kitu chochote wakati ugonjwa upo. Kwanza asome, kisha aandike, ndipo aguse.

Hatua ya 1: Kusoma anwani za kifaa kigonjwa. Katika kompyuta ya Windows mchunguzi afungue dirisha la amri na kuandika ipconfig /all. Aandike katika karatasi mambo manne: anwani ya kifaa, anwani ya lango, anwani ya seva ya DHCP, na saa ambayo anwani ilitolewa. Katika simu, anwani ya kifaa na ya lango kwa kawaida huonekana katika maelezo ya mtandao wa waifai uliounganishwa.

Hatua ya 2: Kulinganisha na kifaa kizima. Tuseme anwani ya ruta ni 192.168.1.1, na vifaa viwili vimesomeka hivi:

Kifaa kizima: anwani 192.168.1.23, lango 192.168.1.1, seva ya DHCP 192.168.1.1.

Kifaa kigonjwa: anwani 192.168.1.102, lango 192.168.1.250, seva ya DHCP 192.168.1.250.

Jicho la haraka litaona 192.168.1 pande zote mbili na kuridhika. Jicho la mchunguzi litaona kwamba lango si lile. Hapo mtoa anwani wa pili amekwisha jitaja mwenyewe. Saa ya kutolewa anwani nayo ni shahidi: ikiwa ni dakika moja baada ya umeme kurudi, chanzo chake hakina fumbo tena.

Endapo anwani ya kifaa kigonjwa inaanza kwa 169.254, huo ni ugonjwa mwingine. Maana yake hakuna seva yoyote iliyojibu, na kifaa kimejipa anwani chenyewe. Atafutwe mahali mawasiliano yalipokatika, si mtoa anwani wa pili.

Hatua ya 3: Kumtambua kwa jina la kiwandani. Kila chombo cha mtandao kina anwani ya pili, iliyotiwa kiwandani, yenye tarakimu na herufi 12. Sita za kwanza hutolewa kwa mtengenezaji na taasisi ya wahandisi iitwayo IEEE. Mchunguzi aandike ping 192.168.1.250, kisha arp -a, na ataona anwani ya kiwandani ya seva ile. Ailinganishe na vibandiko vilivyo mgongoni mwa adapta na ruta zote za nyumba. Chombo kimoja chaweza kuwa na anwani kadhaa zinazofuatana, kwa hiyo tofauti ndogo katika tarakimu ya mwisho isimkatishe tamaa. Ikiwa hakuna kibandiko kinachokaribia, yamkini mtoa anwani hayumo nyumbani.

Hatua ya 4: Kuhesabu adapta. Watengenezaji wengi hutoa programu inayoorodhesha adapta zote zinazosikilizana kwa ufunguo mmoja. Nyumba ikiwa na adapta mbili na orodha ikaonyesha tatu, ya tatu ni ya mgeni.

Hatua ya 5: Kutenga. Ikiwa hatua zilizotangulia hazikutosha, mchunguzi ang'oe ukutani adapta iliyo karibu na ruta. Kisha katika chumba cha nyuma azime waifai ya kompyuta, aiunganishe kwa waya na adapta ya huko, na kuandika ipconfig /release, halafu ipconfig /renew. Kompyuta ikipata anwani ilhali ruta haipo, mtoa anwani wa pili yuko upande huo. Kama vyombo vinavyoshukiwa ni vingi, aondoe nusu yake na kurudia. Mkosaji mmoja katika vyombo vinane hupatikana kwa majaribio matatu.

Jaribio hili lina mtego wake. Adapta yenye seva ya kujiendesha itaamka kwa sababu tu ruta imeondolewa. Kwa hiyo jaribio linathibitisha kwamba adapta ina uwezo wa kutoa anwani. Halithibitishi kwamba ndiyo iliyotoa siku ile ya ugonjwa. Ushahidi wa tendo ni ule wa hatua ya 2 na ya 3, uliochukuliwa kabla ya kung'oa chochote. Ndiyo maana zimetangulizwa.

TIBA

Lengo ni moja tu: katika mtandao wa nyumba abaki mtoa anwani mmoja, naye awe ruta.

Ikiwa mkosaji ni adapta yenye waifai, mwenye nyumba afungue ukurasa wake kwa kivinjari, atafute mahali pa DHCP, na abadilishe kutoka hali ya kujiendesha kuwa hali ya kuzimwa. Kabla ya kufunga ukurasa, aipe adapta anwani ya kudumu iliyo katika fungu moja na ruta lakini nje ya zile ambazo ruta huzigawa. Kwa mfano, ruta ikigawa kuanzia 192.168.1.2 hadi 192.168.1.199, adapta yaweza kupewa 192.168.1.250. Bila hivyo kuufikia ukurasa wake baadaye kutakuwa kazi. Ikumbukwe kwamba kubonyeza kitufe cha kurudisha hali ya kiwandani huifufua seva ile.

Ikiwa mkosaji ni ruta ya zamani, azime DHCP yake, ampe anwani isiyogongana na ya ruta kuu, na waya kutoka adapta uchomekwe katika moja ya matundu ya ndani, si katika tundu la kupokelea intaneti. Ikiwa ni kompyuta inayogawa intaneti, kazi hiyo ifungwe.

Ikiwa ni jirani, dawa ni ufunguo. Kitufe cha kuoanisha kibonyezwe katika adapta ya kwanza, kisha katika ya pili kabla muda uliotajwa katika kijitabu chake haujapita. Kwa adapta nyingi ni dakika mbili. Adapta zitaunda ufunguo mpya usiojulikana na wengine. Ni uungwana pia kumpa jirani habari, kwa kuwa mlango uliokuwa wazi kwa huyu ulikuwa wazi kwa yule.

Baada ya tiba, kila kifaa kilichokuwa kigonjwa kiombe anwani mpya kwa amri za hatua ya 5, au kwa kuzima na kuwasha waifai ya simu. Kisipofanya hivyo kitaendelea na anwani mbovu hadi muda wake uishe, na mwenye nyumba atadhani dawa haikufaa.

Hatimaye, mawasiliano ya adapta yaimarishwe. Adapta ichomekwe moja kwa moja katika soketi ya ukutani, kwa sababu waya wa kuongezea wenye kinga ya umeme huweza kuyachuja mawimbi ya habari. Ruta yaweza kuwekewa betri ya akiba isizimike umeme ukikatika. Lakini adapta isichomekwe katika betri hiyo, kwani humo mawimbi hayatapata njia nzuri ya kufika kwenye nyaya za nyumba.

HATARI ILIYO KUBWA KULIKO USUMBUFU

Hadi hapa mtoa anwani wa pili ameonekana kama chombo kilichosahauliwa, kisicho na nia mbaya. Lakini jambo lililo chini yake ni zito. Anayetoa anwani ndiye anayesema lango ni lipi, na anayeshika lango huona barua zinazopita. Vilevile ndiye anayesema seva ya majina ni ipi, na mwenye seva ya majina aweza kumpeleka mtu aliyetafuta tovuti ya benki yake kwenye tovuti ya bandia. Ufumbaji unaotumiwa na tovuti nyingi leo hupunguza hatari hiyo, lakini hauiondoi kwa mtu anayepuuza maonyo ya kivinjari.

Mwezi Mei 2024 watafiti wa Leviathan Security walionyesha njia waliyoiita TunnelVision. Kwa kutumia kifungu namba 121 cha DHCP, ambacho huruhusu seva kukielekeza kifaa njia za kupitishia barua, waliweza kuzitoa barua nje ya njia ya faragha ya VPN ambayo mtumiaji aliiamini, huku programu yake ikiendelea kuonyesha kwamba imeunganishwa. Simu za Android hazikuathirika, kwa kuwa hazikifuati kifungu hicho. Chombo kilichohitajika kwa hila hiyo si kingine bali mtoa anwani wa pili katika mtandao mmoja na mlengwa.

Katika ofisi kubwa, mafundi huweka swichi zinazokataa majibu ya DHCP yasiyotoka katika tundu lililoruhusiwa. Nyumba nyingi hazina mlinzi huyo. Mlinzi wa nyumbani ni mwenye nyumba, naye hawezi kulinda asichokijua. Kwa hiyo inafaa kila mwenye mtandao ajue namba mbili kwa moyo, kama anavyojua namba ya mita yake: anwani ya ruta yake, na idadi ya adapta alizonazo.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kompyuta inaonyesha anwani 169.254.10.7 na haina lango. Je, mtoa anwani wa pili ameingia?

2. Nyumba ina adapta mbili zisizo na waifai, wala haina ruta ya zamani. Kifaa kigonjwa kinaonyesha seva ya DHCP 192.168.0.1, ilhali ruta ya nyumba ni 192.168.1.1. Cha ajabu, intaneti inafanya kazi, ila polepole. Nini cha kushuku?

3. Seva ya adapta imezimwa saa 2 asubuhi. Kompyuta ilipewa na adapta hiyo anwani ya saa 24 saa 1 asubuhi, na imeachwa ikiwaka bila kuguswa. Itaanza kuwauliza watoa anwani wote saa ngapi?

MAJIBU

1. Hapana. Hakuna seva yoyote iliyojibu. Njia kati ya kompyuta na ruta imekatika.

2. Ruta ya jirani, kwa njia ya nyaya za umeme. Intaneti inafanya kazi kwa sababu lango lililotajwa ni lango la kweli, lakini si la nyumba hiyo. Adapta zioanishwe upya kwa ufunguo mpya.

3. Saa 21 baada ya kupewa, yaani saa 10 alfajiri ya siku ya pili. Ndiyo sababu haifai kungoja; iombe anwani mpya mara tu tiba inapokwisha.